Sheria ya nguo itungwe nyumbani



Kila mara siku ya Kipaimara ikaribiapo, baba na mama hutujia sisi makatekista na ombi lile lile: «Mwalimu, utusaidie na huyu binti. Patalo yake yambana mno. Tumesema, hataki kusikia.» Na sisi, kwa kupenda kuonekana wakali, tuliipokea kazi hiyo. Leo twairudisha mikononi mwenu. Tusikilizeni kwanza, ndipo mkasirike.

Dominika moja tulimsimamisha mlangoni pa kanisa binti wa miaka 15, tukamwambia aende kubadili nguo. Alikwenda, lakini hakurudi. Dominika nne hatukumwona. Tulipofika kwao tukaambiwa ukweli: patalo ile ilinunuliwa na baba yake mwenyewe sokoni, katika marobota ya nguo kuukuu zitokazo Ulaya. Asubuhi ile walitoka nyumbani pamoja, wakatembea njia moja. Baba akaingia, akakaa mahali pake, akaimba. Mtoto akafukuzwa. Je, nani aliyekosa? Sisi tulikosa, kwa maana tulimhukumu mtoto kwa shauri ambalo hakulikata peke yake. Na baba alikosa, kwa maana alinyamaza.

Wengine wenu hutujibu: «Turudie nguo za wazee wetu. Binti avae kikwembe, basi.» Nasi twakipenda kikwembe, lakini tusidanganyane. Ufundi ule wa kutia nta na rangi katika kitambaa ulitoka Java. Waholanzi wakauiga kwa mashine zao katika karne ya 19, na kiwanda cha Vlisco, kilichoanza mwaka 1846, kiko Helmond hata leo. Mama zetu wamekifanya kikwembe kuwa chetu, na ni vema. Lakini heshima yake haikutoka katika kitambaa. Ilitoka kwa wale mama waliokivaa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha hivyo (namba 2524): namna za kuvaa kwa adabu hubadilika nchi kwa nchi, lakini adabu yenyewe iko kila mahali, kwa kuwa mtu ana hadhi ya kiroho.

Wengine husema: «Serikali ikataze.» Mmekwisha kusahau? Wakati wa Mobutu, nchi yetu ilipoitwa Zaire, wanawake walikatazwa patalo, sketi fupi na nywele za bandia. Wanaume walikatazwa kravati, wakavaa abakosti. Tuliambiwa kwamba huko ndiko kurudia asili yetu, na huku abakosti nyingine za wakubwa zilishonwa Ubelgiji! Mwaka 1990 sheria ile ililegezwa, na mara kravati zikarudi shingoni, patalo zikarudi barabarani. Nguo iliyovaliwa kwa hofu huvuliwa siku hofu inapokwisha. Mlinzi wa mlangoni, awe askari au katekista, hawezi kufanya kazi ya mzazi.

Basi mzazi afanye nini?

Kwanza, amueni kabla ya kununua, baba na mama kwa neno moja, na mtoto akiwapo. Naye aseme, asikilizwe. Mtume Paulo awaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hata wakate tamaa (Kol 3, 21). Mkubaliane: hii ni ya Misa, hii ni ya mchezo, hii haiingii nyumbani kwetu. Na ukikubali leo, usimtukane kesho mbele ya wageni kwa sababu ya nguo ile ile.

Pili, kipimo kiwe kimoja kwa binti na kwa kaka yake. Twawaona wazazi wanaompigia binti kelele kwa ajili ya goti. Kaka yake apita na patalo iliyoshuka hata nguo ya ndani yaonekana, nao wacheka. Tena msimtwike binti dhambi ya macho ya wanaume. Bwana wetu alipoonya juu ya kumtazama mwanamke kwa tamaa (Mt 5, 28), alimlaumu yule atazamaye.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote: ulizeni nguo imetoka wapi. Mzazi akiona viatu vipya miguuni mwa binti yake, naye hakuvinunua, akanyamaza kwa kuwa mfuko wake ni mtupu, amekwisha kumtoa mtoto wake kwa mtu asiyemjua. Mnapima urefu wa sketi kwa vidole, lakini hamuulizi feza yake ililipwa na nani! Nguo ndefu, yenye kusifiwa na parokia nzima, yaweza kuwa imenunuliwa kwa aibu. Na patalo ya sokoni, iliyonunuliwa kwa jasho la baba, yaweza kuwa safi mbele ya Mungu.

Na ninyi wenyewe je? Mama avaaye kitenge kipya kila arusi, na huku feza ya masomo haijalipwa, amfundisha nini binti yake? Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Mkumbukeni Hana, mama yake Samweli. Kila mwaka alimshonea mwanawe kanzu ndogo, akampelekea huko Shilo (1 Sam 2, 19). Kwa nini kila mwaka? Kwa kuwa mtoto alikuwa amekua, na mama alijua kipimo chake kipya. Samweli alikaa kwa kuhani Eli, lakini Hana hakumwachia Eli kazi ya kumvika mwanawe.

Yule binti wa miaka 15 tulimwomba radhi, sisi na baba yake. Amerudi. Wazazi, fanyeni kama Hana. Nasi mlangoni pa kanisa tutasimama kwa kazi moja tu: kuwakaribisha watoto wenu.