Mwana akienda maabara ya ubongo

Mada niliyokusudia wiki hii nimeiweka kando kwa ajili ya barua ya mama mmoja wa Rabai. Bintiye yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasoma biolojia, na likizo ijayo anataka kwenda Kilifi kufanya mafunzo ya nyanjani katika utafiti wa ubongo na mishipa ya fahamu. Mama ameuliza mambo matatu. Je, huko watu hupasuliwa vichwa? Je, binti atalipwa? Na je, akishaingia, ataweza kumpenyeza mwana wa dadake mama, kijana mwenye kifafa, apate kutibiwa na wakubwa?

La kwanza nalijibu kwa heshima, maana hofu hiyo si yake peke yake. Kituo anachokisema ni kile cha KEMRI na shirika la Wellcome la Uingereza, kilichoanzishwa 1989 kando ya hospitali ya Kilifi. Kwa miaka mingi kimeandamwa na uvumi: mara kinauza damu, mara ni makao ya waabudu shetani. Watafiti wake wenyewe wameuandika uvumi huo waziwazi, jambo ambalo mimi naliona ni la uungwana.

Utafiti wa ubongo huko haukuanza kwa kisu, ulianza kwa malaria. Daktari Charles Newton alianza kazi Kilifi mwaka huo wa 1989, wakati watoto walipokuwa wakiletwa wodini hawajitambui. Vijidudu vya malaria hukwama katika mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo, mtoto akazimia, akatingishika mwili mzima. Wengi huzinduka na kurudi nyumbani. Swali likawa: aliyezinduka, amepona kweli? Uchunguzi wa watoto wa Kilifi uliochapishwa 2005 ulionyesha kwamba takriban mmoja kati ya wanne waliopata malaria kali ya ubongo alibaki na kasoro fulani, ya usemi, kumbukumbu, kusikia au kifafa. Kwa watoto ambao hawakuugua hivyo ilikuwa mmoja kati ya kumi.

Wewe na mimi tumelelewa tukiambiwa degedege ni kivuli cha ndege apitaye juu ya mtoto. Simcheki hawe aliyesema hivyo. Alikiona kitu cha kweli, mtoto aliyekuwa mzima asubuhi na jioni amekakamaa, akakipa jina kwa lugha aliyokuwa nayo. Na hapa ndipo binti wa Rabai ana faida ambayo mwenzake wa kutoka mbali hana. Mama akiulizwa kwa Kiswahili cha vitabuni kama mtoto amewahi "kupata mtukutiko", atasema la. Akiulizwa kwa lugha ya nyumbani, atasimulia usiku mzima.

Basi mwanagenzi hufanya nini? Kwanza, ajiandae kuchoka. Sehemu kubwa ya kazi ni kukaa mezani kukagua fomu: tarehe zinalingana, umri umeandikwa, jibu halikurukwa. Akibahatika ataruhusiwa kutazama kipimo cha umeme wa ubongo. Mtoto hubandikwa nyaya ndogo kichwani kwa dawa kama gundi laini, kisha mashine huchora mistari ya mawimbi. Hakuna sindano, wala umeme hauingizwi kichwani, unasomwa tu ule ulioko. Aliyekirekodi kwa mara ya kwanza kwa binadamu ni Mjerumani Hans Berger, 1924. Pengine ataona pia watoto wadogo wakipimwa jinsi wanavyotembea, wanavyoruka na wanavyoshika vitu vidogo. Kipimo kimoja cha namna hiyo, kilichotungwa na Amina Abubakar na wenzake, kinaitwa kwa jina la Kilifi yenyewe, kwa sababu kilitengenezwa kwa kuwatazama watoto wa huko na si wa Ulaya.

Kuhusu malipo sitakudanganya. Mafunzo mengi ya nyanjani nchini hayalipwi, au hulipwa kitu kidogo cha nauli. Binti aulize kwa barua kabla ya kukubali, na asione haya. Rabai hadi Kaloleni, Kaloleni hadi Mavueni, kisha kuvuka daraja la Kilifi, si safari ya kila siku. Atahitaji chumba, na chumba ni nazi nyingi sana, mama. Ikiwa hela hazipo mwaka huu, aombe mapema kwa ajili ya mwaka ujao, huku akitafuta jamaa wa kukaa naye.

Sasa lile la tatu, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Hapana, hawezi kumpenyeza. Utafiti una masharti ya nani aingie na nani asiingie, na mwenye kuingia huombwa ridhaa yake, au ya mzazi, kwa lugha anayoielewa. Utafiti si wodi ya watu maalumu. Kijana mwenye kifafa apelekwe hospitali ya serikali iliyo karibu, na dawa akipewa asizikatize siku anayojiona mzima. Kuzikatiza ghafla ndiko kunakorudisha kuanguka kwa kishindo. Hilo binti anaweza kumweleza mamake mdogo leo hii bila kibali cha mtu.

Lakini mgeuze mezani huyo mpwa. Huenda siku moja binti akafungua faili akakuta jina la jirani, au la mwenzake wa darasa la sita, au la bwana ambaye jamaa zenu wanapeleka posa kwake. Kifafa katika vijiji vyetu huvunja ndoa. Mtoto huondolewa shuleni, sahani yake hutengwa, ingawa kifafa hakiambukizi hata kwa mate. Sheria ya kulinda taarifa za watu ya 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la zinazohitaji ulinzi mkubwa zaidi. Sheria hiyo lakini haikai jikoni jioni, pale shangazi anapouliza kwa sauti ya chini: "Na yule mtoto wa fulani, si nilisikia huja huko? Ana nini hasa?"

Binti aliyelelewa vyema hapo atateseka. Kwetu mtoto hamnyimi mkubwa jibu. Akinyamaza ataitwa mwenye kiburi cha chuo, akisema atakuwa amemuuza mtu aliyemwamini. Kwa hiyo ombi langu silielekezi kwake, nalielekeza kwako, mama. Waambie jamaa kabla hajaondoka kwamba umemkataza kusema, lawama uibebe wewe. Shangazi atakununia wiki mbili, kisha atakuja kuazima kibao cha mbuzi.

Akija Jumamosi muulize alikula nini, chumba kinavuja au hakivuji, wenzake ni watu wa namna gani. Na kabla hajaenda mnunulie viatu vya kufunika vidole, kwani kandambili haziruhusiwi maabara.