Aliyeumia Kazini: Kadari Haifuti Haki



Wapenzi wasomaji, kina mama na kina baba, juma hili tumeletewa swali na mama mmoja wa huku kwetu pwani, na kwa kuwa twaona linazihusu nyumba nyingi, tumependa kulijibu kwa urefu. Mwanawe ni mwashi. Alikwenda bara kutafuta riziki, akapata kazi ya ujenzi Nkoroi, katika kaunti ya Kajiado, upande wa Ongata Rongai, mahali ambapo malisho ya jana yamekuwa viwanja vya leo na nyumba zaota kila pembe. Akaanguka kutoka juu ya jukwaa. Mkono wa kulia ulivunjika, na hata baada ya kufunguliwa plasta vidole viwili havikunji tena. Msimamizi wa kazi alimpeleka hospitali siku ile ya kwanza, kisha akampa nauli ya basi na bahasha yenye shilingi 15,000, akamwekea karatasi atie saini kwamba hana dai lolote. Mama auliza: je, kudai zaidi ya hapo si kuipinga kadari ya Mwenyezi Mungu?

La, si kuipinga. Kuamini kadari ni katika nguzo za imani, na hakuna Muislamu anayelitilia hilo shaka. Lakini kadari ni jambo la moyo wa aliyepatwa na msiba, ili asikate tamaa wala asimlaumu Mola wake. Haikuwekwa iwe ngao ya anayedaiwa. Mtu akiua kwa kukosea, bila kukusudia, hayo nayo ni kadari, na pamoja na hivyo Suratun Nisaa imewajibisha diya. Wanazuoni wa fiqhi wakaenda mbali zaidi, wakavihesabu viungo kimoja kimoja: diya kamili ni ngamia 100, mkono mmoja ni nusu yake, na kila kidole ni ngamia 10. Tulipovisoma vifungu hivyo chuoni tukiwa wadogo, tuliviona kama hesabu za watu wa kale. Leo twaona hekima yake: kidole cha fundi kina thamani inayojulikana, wala hakiachiwi huruma ya mwenye mali.

Hatusemi kwamba fidia ya serikali ndiyo diya. Misingi yake ni tofauti. Hata hivyo sheria ya nchi imepita njia inayofanana. Kenya ina Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA. Ndani yake mna jedwali linalotaja viungo na asilimia ya kila kimoja. Aliyepoteza uwezo wote wa kazi moja kwa moja huhesabiwa mapato ya miezi 96, na aliyepoteza sehemu hupewa sehemu yake. Tuchukue mfano. Fundi apataye shilingi 1,000 kwa siku, akifanya kazi siku 26, mapato yake ya mwezi ni shilingi 26,000. Mara 96 ni shilingi 2,496,000. Daktari akikadiria ulemavu wake kuwa asilimia 10 tu, haki yake ni shilingi 249,600. Ilinganisheni na ile bahasha.

Tena hayo ni mbali na gharama za matibabu, ambazo zamwajibikia mwajiri, na mbali na malipo ya kipindi ambacho mgonjwa hawezi kufanya kazi, ambayo huendelea hadi miezi 12 ikiwa ulemavu huo wa muda umefika siku tatu au zaidi. Akifariki, wategemezi wake ndio wenye haki.

Na ile karatasi? Kumtisha au kumshurutisha mfanyakazi ili aiache haki yake ni kosa kwa sheria hiyo, na makubaliano ya kuyaacha mafao hayo ni batili. Kwa hiyo hata aliyekwisha kutia saini kwa kutojua au kwa njaa, mlango wake haujafungwa. Wala asiambiwe kuwa yeye ni kibarua tu asiye na barua ya kazi. Sheria ya Ajira ya Kenya yautambua mkataba wa mdomo kama unavyotambuliwa wa maandishi.

Sasa tufike kwenye utaratibu, na hapa twawaelekea zaidi kina mama, kwa sababu moja: sheria yaruhusu taarifa ya ajali itolewe na mfanyakazi mwenyewe au na mtu mwingine kwa niaba yake. Mke aliyeko Kisauni au mama aliyeko Malindi aweza kuitoa huku mgonjwa akiwa kitandani. Taarifa yaweza kuwa ya mdomo, lakini sisi twawausia iandikwe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na watu wetu huisoma kila siku kisha wakaamini maneno matupu. Tumeni ujumbe wa simu kwa msimamizi siku ileile: jina la aliyeumia, mahali, saa, na kilichotokea. Usifuteni. Zihifadhini na jumbe za M-Pesa ambazo alikuwa akilipiwa ujira, maana huo ni ushahidi kwamba aliajiriwa. Chukueni namba za wenzake wawili watatu waliokuwapo, mapema, kwani mafundi hawakai mahali pamoja, na jengo likiisha kila mmoja huenda zake. Piga picha ya lile jukwaa kabla halijang'olewa.

Hospitali nayo. Tunawajua waganga wa mifupa, na wako wenye mikono ya baraka, hatuwabezi. Ila aende kwanza kwa daktari, amweleze wazi kwamba aliumia kazini, na karatasi zote zitunzwe pamoja na risiti. Asilimia ya ulemavu huandikwa na daktari katika fomu ya taarifa ya ajali, iitwayo DOSH/WIBA 1. Pasipo karatasi hiyo hakuna hesabu.

Mwajiri akishapata habari ana siku saba za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Ikiwa mtu amefariki, taarifa yatakiwa ndani ya saa 24. Mwajiri akinyamaza, nendeni nyinyi wenyewe katika ofisi ya mkurugenzi huyo. Nairobi iko, na Mombasa iko. Dai likishawasilishwa kwa mwajiri ana siku 90 za kulipa, na asiyeridhika na uamuzi wa mkurugenzi ana siku 60 za kuweka pingamizi. Tahadharini na madalali wa kesi wanaowangojea wagonjwa wodini wakiahidi kwenda mahakamani kesho. Mahakama ya Juu, tarehe 3 Desemba 2019, iliuthibitisha utaratibu huu wa kuanzia kwa mkurugenzi.

Jambo moja tulisisitize. Asiongezwe uchungu usiokuwapo, wala mshahara wa 1,000 usiandikwe 2,000. Aliyedhulumiwa hapati ruhusa ya kudhulumu, na mali iliyopatikana kwa ushahidi wa uongo ni haramu hata ikipitia mikono ya serikali.

Wapo watakaouliza kuhusu bima, kwa sababu sheria yamlazimu mwajiri kuwakatia wafanyakazi wake bima ya majeraha. Kwa maoni yetu, deni liko juu ya mwajiri, na mfanyakazi achukua haki yake kwake. Mwajiri Muislamu anayechelea shubuha ana takaful, ipo nchini. Na hili twawaambia pia nyinyi wasomaji mnaojenga, awe anajenga Nkoroi au Mtwapa: kabla ya kuwapandisha watoto wa watu juu ya mbao zilizofungwa kwa misumari ya kuokota, ulizeni bima iko wapi.

Tukirudi kwa muda, haki hii hupotea ikiwa ajali haikuripotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12, ila ikithibitika kwamba mwajiri alijua kwa njia nyingine; na dai nalo lapasa kuwasilishwa ndani ya miezi hiyohiyo 12 tangu siku ya ajali. Kijana wa mama huyu aliumia miezi minne iliyopita, na msimamizi ndiye aliyempeleka hospitali mwenyewe. Imebaki minane. Tumemwambia akusanye karatasi, aende Jumatatu asubuhi, na huyo mwana aandamane naye.