Kamera Nayo Ipige Hodi



Wifi yangu ni bi harusi wa juzijuzi, anaishi Mbezi Beach, na kazi yake ya uhasibu anaifanyia sebuleni. Siku moja yuko kwenye kikao cha Zoom, kamera kaizima, bosi wake akamwambia mbele ya watu: "Washa kamera bwana, si uko nyumbani, unamficha nani?" Kwa aibu akajitanda kanga, akawasha. Nyuma yake akapita mama mkwe wake katoka kuoga, kajifunga kanga moja. Huyo mama mkwe ni mama yangu mzazi, aliyevuka bahari kwenda kumsalimia mkwewe. Na kikao kilikuwa kinarekodiwa.

Unamficha nani! Nyumbani ndiko tunakojisitiri. Ofisini mtu huenda keshavaa.

Tunakumbushwa sana aya ya 31 ya Surat An-Nur, ile ya mitandio. Sura hiyohiyo, aya ya 27, inakataza kuingia nyumba za watu bila ruhusa na salamu. Aya ya 58 inataja nyakati tatu za faragha: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya Isha. Nyakati hizo hata watoto wa humo ndani waombe ruhusa. Sasa mtoto uliyemzaa abishe hodi, halafu bosi aliyeko Posta aingie saa saba mchana bila hata kugonga?

Asiyetaka aya asome sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu awe na lengo halali na amjulishe mhusika. Basi uliza kwa adabu: rekodi hii ni ya nini, inawekwa wapi, nani ataiona? Kuuliza si utovu wa nidhamu.

Lakini na sisi tuambizane ukweli. Ushungi juu, kanga moja chini, ukiinuka kuzima jiko ofisi nzima imeona. Ukikubali kuwasha kamera, vaa mpaka miguuni, kama unayemfungulia mgeni mlango. Joto la Dar tunalijua: dera la pamba lisiloangaza na mtandio wa pamba vinatosha, maana satini huteleza katikati ya maneno. Kaa mgongo ukutani, uso dirishani. Utapata mwanga, na hakuna atakayepita nyuma yako. Umeme ukikatika na feni ikasimama, usivue ukidhani kamera nayo imezimika. Kompyuta ina betri. Na wewe bi harusi, kitanda cha fungate si pazia la kikao.

Watasema asiyeonekana hafanyi kazi. Hesabu za wifi yangu zilikuwa sahihi kabla ya kamera, na zilibaki sahihi baada yake. Kazi yake ilikuwa kwenye karatasi, haikuwa kwenye kanga ya mama yangu.

Kwa hiyo mwambieni bosi mapema, kwa maandishi, kabla ya kikao: nitawasha nikiwa tayari. Akibisha hodi, karibu. Asipobisha, mlango umefungwa.