Prado ya Mtumba, Majani ya Mzazi: Belti Moja Inavyoweza Kumeza Bonasi Yote Kericho na Bomet

Wasee wa Kericho na Bomet, leo tuongee kuhusu kitu ambacho hukioni kabisa hadi siku kinakuangusha.

Picha hii unaijua. Ni saa tisa mchana na mvua imefika kama kawaida yake. Uko kwa 4x4 yako, unapanda ile njia ya matope ya ndani huko Mogogosiek. Nyuma kuna magunia ya mbolea, kogo amekaa mbele na mwavuli wake. Mara injini inazima. Hakuna mlipuko wala moshi. Unapiga stata, na inazunguka haraka na nyepesi kuliko kawaida, lakini injini haishiki. Unapiga tena, wapi.

Ukisikia stata inazunguka nyepesi hivyo, wacha kupiga. Huenda belti ya taimingi imekatika, na kila ukipiga unaweza kuongeza hasara.

Najua unawaza, belti si ni raba tu? Ndio, ni raba. Lakini katika tea zone hii raba imeunganishwa na bei ya majani, na kodi ya magari, na barabara mbovu, na zile siasa za pesa za barabara unazosikia kwa redio. Twende polepole.

Kwanza, hii belti hufanya nini?

Si ile fan belti unayoiona ukifungua boneti. Hii imefichwa nyuma ya kava za plastiki mbele ya injini. Ina meno, na kazi yake ni kuunganisha krenki ya chini na kamshafti ya juu, ili valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake. 

Ikikatika ukiwa kwa mwendo, pistoni zinaendelea kupanda huku valvu zingine zimebaki wazi. Zinagongana. Valvu zinapinda, wakati mwingine kamshafti inavunjika au silinda hedi inaharibika. Injini nyingi za dizeli, na Subaru za EJ ambazo wasee wanazipenda sana, ziko hivyo. Zile injini ambazo pistoni na valvu hazifikiani zipo, lakini usibeti maisha yako kwamba yako ni moja wao.

Nani amebaki na belti?

Hapa ndio stori inakuwa ya pesa na tabaka, kaa hapo.

Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane. Ukiagiza Prado ya dizeli kutoka Japani leo, kuna uwezekano mkubwa inakuja na injini ya 1GD, ile ya lita 2.8 ambayo Toyota ilianza kuitoa 2015. Hiyo inatumia cheni. Forester mpya za injini ya FB pia ni cheni. Kwa hivyo tajiri anayeshusha gari Mombasa sasa hivi hana stress ya belti.

Basi belti zimeenda wapi? Zimeshuka daraja. Ziko kwa Prado na Surf za 1KZ, ziko kwa Prado na Hilux za D-4D za miaka ya 2000, ziko kwa Land Cruiser za 1HZ, ziko kwa Forester za EJ20. Haya ni magari ambayo mwenye pesa alitumia, akauzia mwalimu, mwalimu akauzia mfanyabiashara, na sasa yamefika kwako wewe kijana uliyekusanya doo ya chama, ya bonasi ya mzazi na ya mkopo wa sacco.

Na sababu ya wewe kununua hilo la zamani badala ya jipya si ushamba. Mwaka wa 2023 ushuru wa kuingiza magari ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa inauzwa kwa karibu shilingi 160. Shilingi ilipata nguvu baadaye mwaka huo, ikarudi karibu 130, lakini bei ya magari haikushuka vile tulivyotarajia. Ukifungiwa mlango wa mbele, unaingia kwa soko la ndani, ambapo gari la 2006 linapigwa buffing linang'aa kama jipya.

Shida ni kwamba buffing haifiki kwa belti. Hakuna anayekuambia ilibadilishwa lini. Toyota nyingi za dizeli za Japani zina taa ya T-BELT kwa dashibodi, inayowaka ukifika kilomita 100,000. Lakini taa hiyo inaweza kuzimwa bila mtu kugusa belti. Mita ya kilomita nayo si msahafu, watu huirudisha nyuma. Ukinunua hivyo, umeuziwa mbuzi kwa gunia.

Kilomita za Kericho si kilomita za Thika Road

Hii ndio sehemu wasee wengi hawajawahi kufikiria. Belti haihesabu kilomita. Inahesabu mizunguko ya injini.

Piga hesabu na mimi. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, ni mizunguko 150,000 kwa saa. Ukiwa Thika Road kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, kila kilomita inakula mizunguko 1,500. Sasa rudi kwa matope ya Konoin, gia ya chini, kilomita 10 kwa saa, injini ikiwa na mizunguko ile ile. Kila kilomita inakula mizunguko 15,000. Mara kumi!

Kwa hivyo mtu wa Nairobi akikuambia "yangu ilifika laki moja bila shida," mwambie ashuke aje apeleke mbolea Silibwet mwezi wa Aprili. Ongeza vumbi na matope yanayoingia kama kava ya belti imepasuka au fundi wa mwisho alirudisha bolti mbili kati ya tano. Ongeza oili inayovuja kwa sili ya krenki au ya kamshafti, maana oili inalainisha raba na kuila. Na hata gari likikaa tu nyumbani, raba inazeeka.

Sasa tuongee chapaa, lakini kwa lugha ya majani

Bei zinategemea injini, duka na mdomo wako, kwa hivyo chukua hizi kama hesabu ya mfano. Tuseme ni Prado ya dizeli:

Belti yenyewe, 6,000.
Tenshena na aidla, 10,000.
Oili sili, 2,000.
Kulanti, 2,000.
Kazi ya fundi, 7,000.
Kutumiwa parcel na matatu kutoka Kirinyaga Road, 500.

Jumla ni 27,500. Unaguna, si ndio? Sasa tuseme uliguna ukaahirisha, ikakatika, na injini ikaenda. Injini ya mtumba 280,000, kuitoa na kuifunga 30,000. Hiyo ni 310,000, zaidi ya mara 11 ya ile uliyoogopa.

Lakini shilingi ni jina tu. Tuseme mzazi wako analipwa shilingi 25 kwa kilo ya majani mabichi kila mwezi. Belti ni kilo 1,100. Injini ni kilo 12,400. Kama shamba lenu linapeleka kilo 300 kwa buying center kila mwezi, belti ni karibu miezi minne ya majani. Injini ni miaka mitatu na miezi mitano, na hapo hujalipa wachumaji hata shilingi.

"Si tutangoja bonasi?" Haya, bonasi. KTDA hulipa ile malipo ya mwisho karibu Oktoba, na ndio mwezi magari mengi hununuliwa huku. Lakini unakumbuka Oktoba 2025. Viwanda vingi vya Kericho na Bomet vililipa chini ya mwaka uliotangulia, wakulima wakatoka kuandamana, na wakauliza kwa nini wenzao wa pande za Mlima Kenya wanapata zaidi. Familia iliyonunua 4x4 ikitegemea bonasi ya mwaka mzuri ilibaki nayo katika mwaka mbaya. Bonasi hupanda na kushuka, lakini belti haijui hayo. Siku yake ikifika, imefika.

Na ile pesa ya barabara?

Mtu atasema, kwani ni lazima kila kijana awe na 4x4? Swali la haki. Probox ina cheni, inakula mafuta kidogo, na spea zake ziko kila kona. Na tuwe wakweli, kuna wasee wamenunua Subaru kwa sababu ya mlio tu.

Lakini pia kuna mtu anayeishi mahali Probox haifiki wakati wa mvua. Majani yakichumwa hayangoji, yakikaa sana yanaharibika. Mama mjamzito hangoji. Kwa watu hao 4x4 ni barabara waliyojinunulia wenyewe kwa sababu ile ya serikali haikufika.

Na ile ya serikali tumeilipia. Julai 2024 kodi ya kutunza barabara ndani ya mafuta ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Ukijaza tangi la lita 60, umetoa 1,500 ya barabara. Jaza mara 18, umetoa 27,000, karibu bei ya ile kazi yote ya belti. Baadaye magavana na wabunge wakaanza kuvutana, hadi mahakamani, kuhusu nani ashike shilingi bilioni 10.5 za mfuko huo. Wao wakivutana, wewe uko gia ya kwanza kwa matope, mizunguko 15,000 kwa kila kilomita.

Kwa hivyo mkulima wa tea zone analipa barabara mara mbili. Anailipa kwa pampu ya mafuta, halafu anailipa tena kwa fundi.

Ufanye nini wiki hii

Siasa zitachukua muda. Hili lako lisingoje.

Jua injini yako kwanza. Fungua boneti, tafuta ile sahani yenye namba ya modeli na injini. Ukiona 1KZ, 1KD, 2KD, 1HZ au EJ20, una belti. Ukiona 1GD, 2TR au 1GR, una cheni, lakini badilisha oili kwa wakati maana cheni nayo hufa kwa oili chafu.

Kama ndio umenunua gari la belti na hakuna stakabadhi ya kuonyesha ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haijawahi kubadilishwa. Ianze wewe. Bora ukose rimu mpya mwaka huu.

Usibadilishe belti peke yake. Beringi ya tenshena au aidla ikishika, inakata belti mpya pia. Kwa Subaru za EJ, wota pampu inaendeshwa na belti hiyo hiyo, kwa hivyo iangaliwe wakati kumefunguliwa. Ukirudi baadaye kwa pampu, utalipa kazi yote upya.

Chagua fundi kwa maswali. Muulize atapanga vipi alama za taimingi. Akisema "mimi najua tu kwa macho," mshukuru uende. Fundi wa maana anapanga alama, anafunga belti, halafu anazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili mizima na kuangalia kama alama zimerudi mahali pake. Hiyo ndiyo anafanya kabla ya kugusa ufunguo. Mwambie pia arudishe kava zote na bolti zote. Si kazi ya haraka, kuna vitu vya kufungua kwanza, na kwa injini zingine hata ile puli ya krenki yenye bolti ngumu ajabu. Akiahidi dakika 40, shtuka.

Kaa hapo uone. Omba belti ya zamani uende nayo nyumbani. Andika tarehe na kilomita kwa stika, ibandike ndani ya boneti. Ukiuza gari, huyo kijana mwingine wa Litein au Sotik hatabahatisha kama wewe.

Mwisho, weka pesa ya belti kando kila mwezi kama unavyoweka ya bima. Kwa ile hesabu yetu, 27,500 ukigawa kwa miaka miwili ni chini ya 1,200 kwa mwezi. Hiyo ni kama kilo 46 za majani. Mzazi aliyeamka saa kumi na moja asubuhi kwa umande kuchuma hizo kilo hastahili kuambiwa Oktoba ijayo kwamba bonasi yote imeingia kwa injini, na sababu ni raba uliyojua kuihusu.