Neno "Mimi": Barua kwa Wadogo Zangu Mnaosubiri Usaili

Wadogo zangu,

Niko Leicester, Uingereza. Mwezi huu nimepokea simu nne kutoka nyumbani, zote za jambo moja: "Dada, nimeitwa kwenye usaili wa uuguzi huko, wa video. Nijibuje?" Nimeona niwaandikie wote pamoja, maana nilipojikwaa mimi sitaki mjikwae ninyi.

Usaili wangu wa kwanza huku nilishindwa. Mbele yangu walikaa watu watatu, kila mmoja na karatasi yake, nami nikisema wao wanaandika. Wakaniuliza: tueleze siku uliyogundua kosa la dawa. Nikajibu kama tulivyolelewa: "Tuliligundua, tukamwita daktari, mtoto akapona." Baadaye niliomba kuelezwa nilipokosea. Wakasema: tulisikia wodi yenu ilifanya nini, wewe ulifanya nini, hatukusikia.

Niliumia, kwa sababu dozi ile niliiona mimi. Ni mimi niliyesimama na chati usiku ule, nikapiga hesabu mara mbili, nikaona mtoto wa kilo 9 ameandikiwa dawa maradufu. Lakini kwetu mtu wa "mimi, mimi" huonekana anajikweza, basi ulimi ukakimbilia "sisi". Adabu hiyo naipenda, na sitaki muiache. Ila kwenye usaili wa huku kila jibu lina alama zake, na alama hizo hutolewa kwa kile ulichotamka. Neno "sisi" huwaachia wasaili karatasi tupu.

Wanachotaka kusikia ni hali ilivyokuwa, jukumu lako, ulichofanya, na matokeo yake. Hali ipeni sentensi mbili, basi. Sisi tunapenda kusimulia. Tunaanza na mvua na umeme uliokatika, na muda unakwisha kabla hatujafika kitandani kwa mgonjwa. Uzito wote uwekeni kwenye ulichofanya. Leo ningejibu hivi: "Nilisimamisha dawa kabla haijatolewa. Nilimpigia daktari wa zamu, nikamsomea uzito na dozi. Alipobadilisha, niliandika kwenye faili, pamoja na saa. Asubuhi nilimwomba mkuu wa wodi uzito wa kila mtoto uandikwe juu kabisa ya chati." Jina la mgonjwa msilitaje kamwe, hata kama yuko mbali na wasaili maili elfu; kulitaja tu ni kuonyesha kwamba hujui kutunza siri yake.

Kuna swali jingine linalotutega. Ukimwona mwenzako anamshika mgonjwa mzee kwa ukali, utafanyaje? Kwetu jibu la kiungwana ni "nitamwita pembeni tuyamalize". Huku likiishia hapo halitoshi, na ipo sababu. Mwaka 2013 mwanasheria Robert Francis alitoa ripoti ya uchunguzi kuhusu hospitali ya Stafford: kati ya 2005 na 2009 wagonjwa waliachwa na kiu, wengine wakalala kwenye mashuka machafu, na wapo wafanyakazi walioona wakaogopa kusema. Ripoti ilikuwa na mapendekezo 290. Wanaowasaili wanaijua habari hiyo. Kwa hiyo semeni: nahakikisha kwanza mgonjwa yuko salama, namweleza msimamizi wa zamu siku hiyo hiyo, naandika nilichoona. Msidhani mnamchongea mwenzenu. Yule mzee kitandani huenda hana shahidi mwingine.

Yaliyobaki ni mepesi. Wakisema "jieleze", anzeni na kazi, si kijiji wala shule ya msingi. Wakiuliza udhaifu, msiseme mnafanya kazi kupita kiasi. Tajeni wa kweli na mnavyoushughulikia. Mimi nilisema naona haya kuzungumza vikaoni, kwa hiyo hoja yangu naiandika mapema. Na wakiwapa nafasi ya kuuliza, ulizeni muuguzi mgeni huelekezwa na nani, na kwa muda gani.

Jumapili hii sina zamu. Nitapiga simu saa mbili usiku wa huko nyumbani, mmoja baada ya mwingine, na nitauliza kama walivyoniuliza wale watatu. Wekeni kalamu karibu. Atakayesema "tulifanya" nitamkatisha hapo hapo, aanze upya.

Dada yenu,
Leicester