Penzi Jipya Si Dawa ya Kipigo

Kuanzia Bokoli, kaunti ya Bungoma, hadi Kitale, mwanamke anayepigwa na mumewe husikia neno lile lile: vumilia. Akikimbilia kwa wazazi wake, hukumbushwa watoto aliowaacha na ng'ombe wa mahari waliokwisha kupokelewa. Siku chache hazipiti kabla hajasindikizwa kurudi kule kule. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kutendewa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Bungoma yetu ilipita kiwango hicho kwa mbali.

Leo nasema na waandishi na wasomaji wa riwaya za mapenzi. Mmezoea hadithi ambayo bibi anapigwa katika sura ya kwanza, anatokea kijana mtanashati katika sura ya tatu, na kufikia harusi machozi yote yamekauka. Hadithi hiyo yamfunza binti kwamba tiba ya mume katili ni mwanamume mwingine. Hilo si kweli, tena ni hatari.

Fasihi yetu haikukificha kidonda hiki. Kezilahabi alimwonyesha Regina akipigwa na mume mlevi katika riwaya ya Rosa Mistika, mwaka 1971. Said Ahmed Mohamed, katika Utengano ya mwaka 1980, alimwonyesha mume anayemfungia mkewe ndani, kisha anampiga na kumtaliki. Kilichobaki kuandikwa kwa wingi ni maisha ya mwanamke aliyeondoka akapona. Marehemu Ken Walibora aliiingiza Kitale katika riwaya kwa Siku Njema, mwaka 1996. Nani ataiingiza Bokoli, na mama wa Bokoli aliyesema basi?

Atakayeandika na aandike ukweli. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mama huyu atashtuka lango likigongwa usiku. Atauficha mshahara wake hata pasipo mtu wa kuuchukua. Ataomba radhi kwa chumvi iliyozidi kidogo. Mwanamume ampendaye kwa kweli hatamharakisha. Hatadai kuipekua simu yake, na akiambiwa hapana, atakubali bila kununa. Tena afadhali amkute tayari ana kazi yake na ufunguo wa mlango wake mwenyewe, ili akimkubali iwe kwa hiari na si kwa kukosa pa kulala.

Wala mwandishi asiifanye safari ya kuondoka kuwa nyepesi. Septemba 2024, huko Endebess karibu na Kitale, mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei alimwagiwa petroli na kuchomwa moto. Polisi walisema aliyetenda hayo ni mwanamume aliyekuwa mpenzi wake. Mwezi uliotangulia alikuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris. Alifia hospitalini Eldoret. Ikiwa mwanamke mwenye jina na mbio zake hakusalimika, mama wa kijijini atasalimika vipi akiwa peke yake?

Kwa hiyo riwaya na ionyeshe njia yenyewe: hospitali, dawati la jinsia katika kituo cha polisi, fomu ya polisi ya P3 ya kurekodi majeraha, na simu ya bure 1195 ya kuomba msaada. Na ionyeshe mahakama ikitoa amri ya ulinzi chini ya sheria ya mwaka 2015 dhidi ya ukatili wa nyumbani. Jirani anayemsindikiza mama kituoni anastahili sura yake kitabuni kama mchumba anavyostahili.

Kuna watakaosema riwaya ni burudani, tusiifanye mahubiri. Nami napenda burudani, wala siipingi harusi. Lakini msichana anayesoma riwaya kitandani anajifunza humo mapenzi yanafananaje, hata kama mwandishi hakukusudia kumfunza.

Waandishi, acheni kumpa mhusika wenu mume mpya kabla hajapata usalama. Wazazi, mlango wa nyumbani uwe wazi kwa binti yenu, na mahari isiwe kufuli. Wachungaji na wazee wa mtaa, acheni kupatanisha kidonda kinachovuja damu. Mwanamke akiwa salama kwanza, mapenzi yatakuja kwa wakati wake. Na hata yasipokuja, atakuwa amepona.