Dhalimu Asiye na Mpaka

Wapo wanaotuhubiria dunia isiyo na mipaka. Futeni mistari ya wakoloni, wanasema, binadamu wote wawe chini ya serikali moja, na udhalimu utakwisha. Nawaambia waje kwanza hapa Kongwa, katika Ugogo, nchi ya Wagogo wa Dodoma.

Ugogo umeshatawaliwa na dola zisizojali mpaka wa mtu. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalipita hapa yakizoa nafaka, yakipora ng'ombe, yakiswaga vijana kwenda kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, maghala yalikuwa matupu. Njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, inakadiriwa kuua watu 30,000 hivi. Mgogo angemshitaki nani? Waliokula mtama wake walipokea amri kutoka Berlin na London.

Mwaka 1947 ukaja mradi wa karanga. Uingereza ilitaka mafuta ya kula kwa watu wake, ikafyeka pori la Kongwa kwa matrekta, mengine yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita. Udongo ukakauka kama tofali, mvua zikagoma. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa na pauni milioni 36 zimezama. Mlipa kodi wa London alikuwa na bunge la kumbana waziri wake. Mwenye ardhi hakuwa na bunge lolote.

Sasa itazameni ardhi ileile baada ya uhuru wetu wa Desemba 1961. Katika majengo yaliyoachwa na wenye karanga, kuanzia 1964, walipiga kambi wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji na SWAPO ya Namibia. Samora Machel alikuwa hapo. Chris Hani alikuwa hapo. Polisi wa tawala walizozipinga hawakuweza kuja kuwatia pingu Kongwa kwa sababu moja: Kongwa ilikuwa ndani ya nchi yenye serikali nyingine, na serikali hiyo ilikataa.

Nitajibiwa kwamba mpaka huohuo ndio uliompa Idi Amin, mtawala wa Uganda, uwanja wa kuchinja watu. Ni kweli, aliwachinja, na majirani wengi wakanyamaza. Lakini kumbukeni kwamba mwaka 1975 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulimkalisha Amin kwenye kiti cha uenyekiti, mkutano ukafanyika Kampala. Rais wetu, Nyerere, akakataa kwenda. Kiti kile kingekuwa cha mtawala wa bara zima, mwenye jeshi moja na magereza kuanzia Cairo hadi Lusaka, Waganda waliokimbilia kwetu wangekimbilia wapi? Na Aprili 1979, jeshi letu lilipoingia Kampala kumng'oa, jeshi la nani lingeingia?

Sisi wenyewe si safi. Miaka ya 1970 watu wa Dodoma walihamishwa kwa nguvu kupelekwa vijijini, na wako waliobomolewa nyumba zao. Serikali yetu ndiyo iliyofanya hivyo. Ikiwa serikali ya karibu, chini ya kiongozi mwadilifu kama Nyerere, iliweza kumtenda raia wake hivyo, itakuwaje kwa serikali moja ya dunia, isiyo na jirani wa kuikemea wala wa kumpokea anayeikimbia?

Novemba 2024 Kizza Besigye, mpinzani wa serikali ya Uganda, alitekwa akiwa Nairobi, na siku chache baadaye akasimamishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Huo ndio mwonjo wa dunia mnayoitamani: mkono wa serikali moja ukimfuata mpinzani hadi kwa jirani.

Mkulima wa hapa akitaka kuuza zabibu zake Nairobi, apite bila kunyanyaswa. Mwanafunzi apite, fundi apite. Hilo nalitaka kwa moyo wote. Lakini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999 unalenga shirikisho la kisiasa, na muswada wa shirikisho hilo ukikamilika utaletwa bungeni hapa Dodoma. Wabunge wasiupitishe mpaka waone vifungu viwili vimeandikwa bila mafumbo: haki ya nchi kujitoa, na haki ya anayewindwa na serikali ya nchi moja kupewa hifadhi katika nyingine, na asirudishwe.